Casimir Zagourski, aliyeisambaza sura ya Afrika ya Kati kwa kadi za posta

Katika miaka ya 1930, Mzungu aliyepita Léopoldville, Kinshasa ya leo, aliweza kurejea kwao na Afrika ya Kati mfukoni. Alichohitaji ni kununua kadi za posta za mpiga picha Casimir Zagourski.

Zagourski alizaliwa mwaka 1883 katika ukoo wa Kipolandi, chini ya himaya ya Urusi. Mwaka 1924 alihamia Kongo ya Wabelgiji, akafungua studio mjini Léopoldville. Kutoka hapo alisafiri mbali, akawapiga picha Wamangbetu wa kaskazini-mashariki mwa Kongo. Alifika pia Rwanda, iliyounganishwa wakati huo na Burundi chini ya watawala wa Kibelgiji waliokaa Usumbura, yaani Bujumbura ya leo.

Mamia ya picha hizo aliyatoa kama kadi, akaupa mkusanyiko wake jina lenye maana ya Afrika inayotoweka. Zilikuwa kazi za sanaa: mwanga umepimwa, sura zimetulia, misuko ya nywele inaonekana uzi kwa uzi. Zilikuwa pia bidhaa, na kila iliyopita posta iliitangaza koloni kwa watu ambao hawangeiona kamwe.

Biashara ya sura za watu haikuanzia Kongo. Nchini Marekani, kampuni za tumbaku zilikuwa zimekwisha kutia kadi za wachezaji wa besiboli ndani ya pakiti za sigara. Kadi hizo zilimtaja mchezaji kwa jina, na Honus Wagner, nyota wa Pittsburgh, alipokataa sura yake itumiwe katika kadi zilizoanza kutolewa mwaka 1909, uchapishaji wa kadi yake ulisitishwa.

Watu wa Zagourski hawakuwa na uwezo huo. Mara nyingi chini ya picha paliandikwa nchi na kabila tu. Nchini Burundi na Rwanda uzito wa jambo hilo unaeleweka: anayetajwa kwa kabila bila jina lake huacha kuwa mtu, akawa mfano wa kundi.

Zagourski alifariki mwaka 1944. Kadi zake zimehifadhiwa katika makumbusho ya ng'ambo, na wakusanyaji wanamjua kwa jina. Wengi wa waliosimama mbele ya kamera yake hawajulikani hadi leo.