Mwalimu wa kijijini aliyefuata safari ya joto hadi ncha za dunia

Kila aliyesoma Jiografia katika shule ya upili amewahi kuuchora ule mchoro wa duara lenye mishale: hewa yapaa penye ikweta na kushuka karibu na nyuzi 30, kisha mizunguko mingine miwili yafuata hadi kwenye ncha ya dunia. Mzunguko wa katikati huitwa kwa jina la Ferrel. Aghalabu jina hilo hukaririwa kwa ajili ya mtihani, kisha likasahauliwa pamoja na mwenyewe. Ni jambo la kusikitisha, kwa maana mwenye jina alikuwa mwalimu wa shule, na maisha yake yana funzo kwa kila ashikaye chaki.

William Ferrel alizaliwa tarehe 29 Januari 1817 katika jimbo la Pennsylvania, Marekani. Mwaka wa 1829 wazazi wake walihamia sehemu ambayo leo imo katika jimbo la West Virginia, na huko kijana akawekwa shambani. Shule aliipata kwa uchache mno. Kitabu chake cha hesabu alikinunua kwa ujira wa kibarua cha mavuno. Alipokuwa akipura ngano ghalani, aliugeuza mlango wa mbao kuwa ubao wa kuandikia, na meno ya uma wa kubebea nyasi yakawa bikari yake ya kuchorea duara.

Mwaka wa 1832, akiwa na umri wa miaka 15, aliona jua likipatwa. Wenzake walistaajabu wakarejea kazini, lakini yeye alitaka kujua sababu. Pasipo mwalimu wa kumwongoza, alipekua kalenda na kitabu kimoja cha Jiografia hadi akaweza kukadiria mwenyewe nyakati za kupatwa kwa jua na mwezi katika miaka ya mbele, akikosea kwa dakika chache tu.

Alijiunga na chuo, fedha zikamwishia, akarudi kufundisha ili apate karo. Hatimaye alihitimu katika Chuo cha Bethany mwaka wa 1844, katika kundi la kwanza kabisa la wahitimu wa chuo hicho. Tangu hapo alifundisha katika miji midogo ya Missouri na Kentucky, kisha Nashville, Tennessee. Jioni, wanafunzi walipokwisha kwenda zao, aliketi peke yake na vitabu vigumu vya Newton na Laplace. Alikuwa mtu mpole, mwenye haya, asiyependa kujitangaza, na hakuoa maishani mwake.

Swali lililompa jina ni la kale. Nchi za ikweta hupokea joto la jua kuliko lile zinalorudisha angani. Ncha za dunia nazo hupoteza joto kuliko zinavyopokea. Lau kusingekuwa na kitu cha kulihamisha joto hilo, huku kwetu kungezidi kuungua na kule kungezidi kuganda mwaka baada ya mwaka. Mchukuzi mkuu ni hewa, ikisaidiwa na mikondo ya bahari. Tena hewa haibebi joto la kuhisiwa tu, bali hubeba pia mvuke. Maji yanapokauka baharini huondoka na joto, na mvuke unapogeuka kuwa mawingu na mvua mahali pa mbali, joto lile huachiliwa huko.

Mwingereza George Hadley alikuwa amejaribu kulieleza jambo hili mwaka wa 1735. Alisema kwamba hewa yenye joto hupaa ikweta, huelekea ncha kwa juu, kisha hurudi kwa chini, na kwamba kuzunguka kwa dunia ndiko kunakozipinda pepo. Kwani ardhi ya ikweta huenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa, ilhali kwenye nyuzi 60 kasi hiyo ni nusu tu. Hata hivyo, maelezo yake hayakutosha. Hayakuonyesha kwa nini kanieneo ya hewa ni kubwa karibu na nyuzi 30 na ni ndogo kuelekea ncha.

Mwalimu Ferrel alilijibu swali hilo mwaka wa 1856. Wala hakulichapisha jibu lake katika jarida la wanajimu au wanafizikia, bali katika jarida la madaktari la mjini Nashville. Alionyesha kwamba hewa inayosafiri, hata iwe yaenda upande gani, husukumwa kuume katika nusu ya kaskazini ya dunia, na kushoto katika nusu ya kusini. Kwa sababu hiyo hewa hurundikana karibu na nyuzi 30, na mzunguko mmoja wa Hadley ukawa mitatu.

Umaarufu ulimfikia polepole. Mwaka uliofuata alipata kazi ya mahesabu ya falaki huko Cambridge, Massachusetts, na baadaye akahudumu katika idara ya upimaji wa pwani. Huko alibuni mashine ya kukadiria kujaa na kupwa kwa bahari. Alifariki tarehe 18 Septemba 1891 katika jimbo la Kansas, akiwa na umri wa miaka 74.

Sasa lipo jambo ambalo mwalimu mwaminifu hana budi kuliongeza ubaoni. Mchoro wa Ferrel haukuwa neno la mwisho. Wataalamu wa karne ya 20 waligundua kwamba mzunguko wa katikati pekee hauwezi kulifikisha joto kwenye ncha, kwa kuwa ndani yake hewa ya joto hushuka na ya baridi hupaa. Katika latitudo hizo kazi kubwa hufanywa na dhoruba na mawimbi makubwa ya hewa, yanayotupa hewa ya joto upande wa ncha na kuivuta ya baridi upande wa ikweta. Mwaka wa 1926 Mwingereza Harold Jeffreys alitoa hoja kwamba dhoruba hizo ni kiungo cha lazima cha mzunguko wa hewa.

Je, hayo yampunguzia Ferrel heshima? Hasha. Yeye mwenyewe alimsahihisha Hadley, na baada yake wengine wakamsahihisha yeye. Ndivyo elimu inavyokua. Tatizo ni pale tunapowapa vijana mchoro kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni, waunakili, wapate alama, wasiulize neno. Wako walimu wengi wanaofundisha mahali ambapo maktaba ni rafu moja yenye vumbi, nao hudhani kwamba ugunduzi ni wa watu wa vyuo vikuu vya mbali. Na wakumbuke mlango wa ghala uliochorwa kwa uma. Na mwanafunzi atakayechora tena ile mishale, amwulize mwalimu wake ni nani aliyeichora kwanza, na ni wapi alipokosea.