David Bruce na mbung'o
David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alizaliwa Melbourne mwaka 1855. Mwaka 1895, huko Zululand, ng'ombe na farasi walikuwa wakifa kwa nagana. Je, chanzo kilikuwa malisho, maji au mbung'o? Bruce aliteremsha farasi wazima penye mbung'o, akiwazuia kula na kunywa, wakaugua. Kisha akapandisha mbung'o mlimani, wakauma wanyama ambao hawakushuka, nao wakaugua. Mwaka 1903, kwa jirani zetu Uganda, mjini Entebbe, aliwaachia tumbili mbung'o walionyonya damu ya wagonjwa wa malale, tumbili wakaambukizwa. Alifariki mwaka 1931. Hakukubali dhana kabla ya kuijaribu. Nasi tunaosema Kiswahili cha Bunia ni kibovu, dhana hiyo tumeijaribu wapi?