Bibi Wangu wa Makeri na Kibuyu cha Wazee

Juma hili, wasomaji wapenzi, naomba niwapandishe bara, hadi Murang'a, kusini ya Nyeri, penye udongo mwekundu na baridi ya milimani. Nataka niwahadithie habari za bibi mmoja ambaye jina lake halijatoka vinywani mwa Wakikuyu mpaka leo: Wangu wa Makeri.

Alizaliwa yapata mwaka 1856. Aliolewa na Makeri wa Mbogo, wakakaa Weithaga, wakajaliwa watoto sita. Kazi zake zilikuwa zile za mke ye yote wa mkulima: jembe, kuni, maji na ulezi. Tena palikuwa na kazi ya pombe.

Sisi wa pwani kileo kimeharimishwa kwetu, wala sikisifu hapa. Lakini asiyeijua desturi ya muratina hataielewa ajabu ya bibi huyu. Muratina huchachishwa kwa tunda la mti tuuitao sisi mwegea. Wanaume walimenya miwa, wanawake wakaitwanga katika vinu vya magogo. Maji yake yalitiwa vibuyuni pamoja na matunda yale yaliyokaushwa. Kwa shughuli kubwa walitumia asali, ambayo hupatikana kwa wingi miti ikishachanua baada ya mvua.

Majira ndiyo yaliyoiendesha kazi hiyo. Siku za jua pombe iliwahi kuiva. Lakini Juni hadi Agosti, ukungu unaposhuka kutoka milima ya Nyandarua na jua likajificha, ilibidi vibuyu vilazwe kando ya moto, la sivyo pombe haikuchachuka.

Je, ikishaiva, nani aliyekunywa? Wazee wanaume. Kwayo walitambika, waliposa na kupatana. Mwanamke aliyetwanga hakuwa na kiti penye kibuyu, na penye kibuyu ndipo yalipokatwa mashauri ya nchi.

Ndipo mwaka 1902 likatokea jambo lisilotazamiwa. Chifu mkubwa wa sehemu zile, Karuri wa Gakure, aliyekuwa akifika mara kwa mara nyumbani kwa Makeri na kufanya urafiki na Wangu, alimpa bibi huyo cheo cha kuwa mkuu wa Weithaga chini ya serikali ya Kiingereza. Mtwangaji miwa akawa mwenye amri juu ya wanywaji.

Alitawala kwa mkono mzito. Kodi ya nyumba aliidai bila huruma. Yasemekana hata aliwainamisha wanaume akaketi juu ya migongo yao, kana kwamba ni viti. Haki haifichwi: kodi ile ilikuwa ya mkoloni, na maskini waliumia.

Mwaka 1909 mambo yaligeuka. Ilipigwa kibata, ngoma ya wanaume, naye akaingia uwanjani akacheza na Karuri. Husimuliwa kwamba nguo zilimvuka mbele ya watu. Fedheha ilienea, akajiuzulu. Alifariki miaka mingi kabla ya uhuru wa 1963.

Wengi husema bibi huyu aliangushwa na ngoma. Mimi naona hesabu hiyo ina upungufu. Karuri alicheza ngoma ile ile, na uchifu wake akabaki nao mpaka alipofariki mwaka 1916. Machifu wanaume walitoza kodi kwa ukali ule ule, na viti vyao vikadumu. Kosa moja lilipimwa kwa mizani miwili.

Jambo hili lashangaza zaidi ukikumbuka kwamba mbari za Wakikuyu zimeitwa kwa majina ya binti za Mumbi, na kwamba Mukurwe wa Nyagathanga, wanapodai asili yao, pako huko huko Murang'a. Nasi Mombasa twamtaja Mwana Mkisi kuwa mwanzilishi wa mji wetu. Kumbe bara na pwani twajivunia bibi wa kale, lakini aliye hai akikalia kiti, twatafuta pa kumwondolea.