Nduna Songea Mbano: Jemadari aliyeukataa msamaha

JINA la Songea hutajwa kila siku na abiria wa mabasi ya kusini, lakini ni wachache wanaokumbuka kwamba kabla ya kuwa mji, Songea alikuwa mtu: Songea Mbano, nduna na jemadari wa Wangoni wa Njelu.

Wangoni walitoka kusini mwa Afrika, wakavuka mto Zambezi mwaka 1835, na hatimaye wakaitawala nchi iliyo sasa Mkoa wa Ruvuma kwa nguvu za mkuki. Wamatengo wa milima ya Mbinga na wakazi wa mwambao wa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay hadi Liuli na Lipingo, waliyaonja mashambulizi yao.

Katika himaya hiyo, nduna alikuwa mkuu wa vita na mtawala wa eneo chini ya nkosi. Songea alipata nguvu nyingi kiasi kwamba Wajerumani, walipofika mwaka 1897 wakiongozwa na Tom von Prince, walijenga boma lao jirani na makazi yake. Ndiyo maana mji ukabeba jina la nduna, si la nkosi.

Vita vya Majimaji vilipolipuka Umatumbi Julai 1905, dawa ya maji ilifika Ungoni muda mfupi baadaye. Nkosi Mputa Gama, Songea na wakuu wenzao waliipokea. Uamuzi wao haukuungwa mkono na kila Mwafrika: Wahehe walisimama upande wa Wajerumani, na askari wengi wa boma walikuwa Waafrika. Hivyo vita vya kumpinga mkoloni vikawa pia vita vya ndugu kwa ndugu.

Wangoni walichagua kupigana kama walivyozoea, kwa jeshi kubwa lililokusanyika pamoja. Oktoba 21, 1905, Wajerumani kutoka Mahenge waliivamia kambi yao iliyokuwa na wapiganaji wapatao 5,000. Bunduki za rashasha zikafyatuliwa, watu wakaanguka, na imani ya maji ikavunjika siku hiyo hiyo.

Kipigo hicho kiligeuza sura ya vita. Wangoni walijigawa katika vikundi vidogo na kuvizia porini. Wajerumani nao wakajibu kwa kuchoma mashamba na maghala, wakiifanya njaa kuwa silaha. Katika eneo lote la Majimaji, makadirio ya waliokufa, wengi wao kwa njaa na maradhi, ni kati ya 75,000 na 300,000.

Nkosi Chabruma wa Mshope alikimbilia Msumbiji, akauawa huko. Mputa na wenzake zaidi ya 60 walinyongwa mjini Songea Februari 27, 1906. Simulizi za Wangoni zinaeleza kuwa Songea aliahidiwa msamaha, akaukataa na kudai afe kama wenzake. Alinyongwa siku chache baadaye na kuzikwa peke yake.

Inaaminika kuwa kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Novemba 1, 2023, Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani alifika Makumbusho ya Majimaji mjini Songea, akakutana na wazao wa nduna huyo, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kuyatafuta mabaki hayo. Kwa wazao hao, vita vilivyoanza mwaka 1905 havitakwisha mpaka nduna azikwe mzima.