Zimwi Lililoogopa Kurudi Kwao

 Wa rika langu watakumbuka Jumamosi ile tulipoonyeshwa sinema ya "Frankenstein" bwaloni. Wakubwa wa kidato cha nne walicheka kwa sauti, lakini usiku hakuna aliyethubutu kwenda msalani peke yake. Leo napenda kuwasimulia habari za mtu aliyekuwa ndani ya zimwi lile, marehemu Boris Karloff.

Jina lake la kuzaliwa ni William Henry Pratt. Alizaliwa London tarehe 23 Novemba 1887, kitinda mimba katika familia ya watoto tisa. Wazazi wake walifariki angali mdogo, akalelewa na nduguze. Alisoma shule ya bweni ya Uppingham, na jamaa zake walitaka aitumikie serikali ng'ambo kama kaka zake. Yeye moyo wake ulikuwa katika maigizo. Mwaka 1909 alipanda meli kwenda Kanada, akajipa jina jipya.

Kwa miaka zaidi ya 20 alihangaika. Alifanya vibarua vya shamba, alichimba mitaro, akaendesha lori, huku akipata sehemu ndogo ndogo katika filamu. Mwaka 1931, akiwa na umri wa miaka 43, mwongozaji James Whale alimchagua awe zimwi. Fundi Jack Pierce alimpamba uso kwa muda wa saa 4 hivi kila siku, kisha akavaa viatu vizito vya kumwongezea kimo. Mwanzoni mwa filamu jina lake halikuandikwa. Pahali pake iliwekwa alama ya kuuliza. Lakini watu walipoliona zimwi lile likirusha maua ziwani pamoja na mtoto wa kike, waliliogopa na kulihurumia pia. Hapo umaarufu wake ukaanza.

Mwaka 1933 alishiriki kuunda chama cha waigizaji wa sinema cha Marekani, kilichotetea saa za kazi na malipo. Mwaka huo huo alirudi Uingereza kucheza filamu ya "The Ghoul". Zimwi lililotisha dunia liliingiwa na hofu: kaka zake walikuwa watu wa vyeo, naye alidhani wangemwonea haya. Kumbe walipoitwa kupigwa picha naye, waligombania pa kusimama!

Uzeeni hakudharau sinema za fedha kidogo. Mwaka 1963 Roger Corman alimtumia siku chache tu katika "The Terror", kwa kuwa mapambo ya filamu nyingine yalikuwa hayajabomolewa. Mwaka 1968, miguu na pumzi vikimsumbua, bado aling'ara katika "Targets". Alifariki Uingereza tarehe 2 Februari 1969, akiwa na miaka 81.

Nami niungame. Mikutano yetu mitatu ya kwanza sikuhudhuria. Nilikuwa dereva wa lori, nikaona haya kuketi meza moja na madaktari na mameneja. Nilipojitokeza mara ya nne, wenzangu walinivutia kiti, wakauliza nilikuwa wapi siku zote. Wapo wengine ambao hatujawaona bado. Njooni, ndugu zangu. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.