Mwenda Jean Bosco, mutu moja na gita mbili

Wenye kusikia disiki zake mara ya kwanza walikuwa wanafikiri wapigaji ni wawili. Hapana. Alikuwa Mwenda Jean Bosco peke yake: kidole gumba kinashika besi, kidole cha pili kinaimbisha kamba za juu.

Alizaliwa mu 1930 ku Bunkeya, kwa Bayeke. Mu 1952, Hugh Tracey, ule muzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alimusikia mu njia ya Jadotville, ndiyo Likasi ya leo. Gallotone ya Afrika ya Kusini ikatoa disiki, na «Masanga» ikatembea mbali kuliko mwenyewe. Mu ile gita muko mapigo ya kijiji, muko na rumba ya Cuba, na huwezi kuonyesha pahali moja inaishia na ingine inaanzia. Kwangu miye, hakuna iliyoipita mpaka leo.

Ku Nairobi pia alifika, sawa vile ndugu yake Edouard Masengo, na vijana wa kule wakafuata mupigo wao. Mu 1969 alipiga ku Newport, Marekani, mbele ya watu wasiojua neno moja la Kiswahili.

Lakini gita haikulisha nyumba. Miaka mingi alikula mushahara wa biro, sawa baba yeyote wa hapa kwetu anayengojea mwisho wa mwezi. Nyimbo zilikuwa za kisha kazi.

Mu Septemba 1990 alikufa mu aksida ya gari, ku Zambia.