Loïe Fuller, mwanamuke wa hariri: wengine walikula jasho lake

Wababa na wamama wa mine, na nyinyi vijana wa masomo, leo tuongee juu ya maisha ya Loïe Fuller, mucheza ngoma wa Marekani aliyepata sifa kubwa Paris. Alizaliwa mwaka wa 1862, karibu na Chicago. Hakuchimba jiwe hata moja. Lakini shida iliyomushika tunaijua sisi wote: mutu anatoa jasho, jina na faida zinaenda kwa mwingine.

Aliingia kazi ya tiyatri tangu utoto. Mu mwaka wa 1891 akaanza kucheza na kanzu pana sana ya hariri. Akizunguka, kitambaa kinapanda kama moshi, kinakuwa ua, kipepeo, kisha moto. Watu walifikiri ni uchawi. Kumbe ndani ya hariri alishika fimbo ndefu, juu mikono yake ifike mbali. Mafundi wa umeme walimurushia mwanga wa rangi kutoka pembeni, hata kutoka chini kupitia kioo. Yeye anapiga kisigino, njo wao wanabadilisha rangi.

Haikupita siku mingi, wengine wakaanza kumuiga. Mu 1892 alipeleka mwanamuke mumoja tribinali, New York. Juji alikataa mashitaki yake: ngoma isiyosimulia hadisi haikuwa kazi ambayo sheria inaweza kulinda. Akavuka bahari, akafika Paris kwenye Folies Bergère. Kule pia akakuta mwenye kumuiga ameisha kupata kazi! Yeye mwenyewe alisimulia kwamba alikubali kucheza siku za kwanza kwa jina la yule mwingine. Baadaye Paris yote ikajua mwenye ngoma ni nani.

Hakukaa kulia. Kama sheria ilikataa kulinda ngoma, alitafuta kulinda vyombo vya kazi. Mu 1894 serikali ya Marekani ilimupa hati kwamba kanzu ile na fimbo zake ni uvumbuzi wake. Wale wanaosema karatasi haina maana, waangalie mwanamuke huyu.

Sasa tufike kwenye foto. Zamani zile mupiga-foto alihitaji mwanga mingi. Ndani ya tiyatri kuna giza, rangi zinabadilika, kitambaa kinakimbia: foto inatoka ukungu tu. Kwa hiyo dawa ilikuwa kutoka inje, kwenye jua. Karibu na mwaka wa 1900, Samuel Joshua Beckett, mupiga-foto wa London, alimupiga foto mingi inje, miti ikiwa nyuma yake. Pale hakuna umeme, hakuna rangi. Unaona mwanamuke munene kidogo, miguu chini, mikono juu, anainua muzigo wa kitambaa kwa nguvu ya mabega. Uchawi umeisha, kazi inaonekana. Na ilikuwa kazi nzito: mwili ulimuuma, na taa kali ziliharibu macho yake.

Filme nazo zilikuwa zimeanza. Watu wa Edison kule Marekani na wa Lumière kule Ufaransa walipiga filme za ngoma hii, lakini na wanawake wengine. Mpaka leo watu wanaonyesha filme zile wakisema ni Loïe Fuller. Sura yake ya kweli iko zaidi ndani ya foto zile za jua.

Kuna jambo lingine linalotugusa sisi watu wa Katanga. Aliposikia kwamba radiumu inangaa gizani, aliandikia Pierre na Marie Curie, akitaka mabawa ya kipepeo yenye radiumu. Wakamueleza kwamba haiwezekani. Wakawa marafiki, akaenda kuwachezea nyumbani kwao. Wakati ule radiumu ilitoka kwenye mawe ya Bohemia. Kisha 1921 Union Minière ikaanza kuchimba Shinkolobwe, na mawe yetu yakaenda kufanyiwa kazi Olen, Ubelgiji. Dunia inajua jina la Curie. Waliobeba mawe yale, nani anajua majina yao?

Loïe Fuller alikufa Paris tarehe 1 Januari 1928, kwa ugonjwa wa mapafu. Alipigania jina lake, na jina limebaki. Lakini hata yeye alikuwa na mafundi waliomushikia taa kila usiku, na wao hawamo ndani ya foto.

Ndugu zangu, ndani ya nyumba zetu kuna foto za wababa na wababu wakiwa na kofia za mine. Leo jioni zigeuzeni. Kama nyuma hakuna kitu, chukueni biki, muandike jina, kazi aliyofanya, na mwaka, wakati bado kuna mwenye kukumbuka.